Boti ya Ayany na harufu ya petroli

Nimekuwa kimya hapa kwa miezi kadhaa. Wale mlioniandikia kuuliza kama nimeacha programu nikaenda kulima, jibu ni hapana. Nilikuwa natengeneza boti. Ndiyo, boti, hapa hapa Ayany, kilomita mamia kutoka baharini. Kabla hujacheka, jua kwamba mtaa mzima umeshacheka kwa niaba yako. Kuna makanga wa matatu namba 8 ambaye kila akiniona hupaza sauti, "Nuhu, mvua inakuja lini?"

Habari yenyewe ni ndefu kidogo, na katikati yake kuna siku ambayo bado sipendi kuikumbuka. Chukua chai.

Ukitoka Ayany ukaivuka Kibera kuelekea upande wa Lang'ata, utafika Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na kwa miaka mingi watu waliendesha mashua za matanga pale. Kulikuwa hata na klabu. Mimi nilizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa hiyo bwawa ninalolijua ni la magugu maji, ambalo ukilitazama kwa mbali unadhani ni uwanja wa mpira. Maji machafu yalilisha magugu, magugu yakafunika bwawa, na wenye mashua wakaenda zao.

Boti moja iliishia nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Lang'ata, ikawa banda la kuku. Nilikwenda kwake kurekebisha intaneti. Nilipomuuliza kuhusu lile banda lenye umbo la ajabu, akaniambia kwamba zamani lilikuwa likiwaokoa waliopinduka na mashua zao bwawani. Wiki mbili baadaye, Januari 2025, nilimpa shilingi 30,000, nikawahamisha kuku, nikaondoka na boti.

Nilichonunua kilikuwa hiki: boti ya faiba ya futi 14, injini ya Johnson ya nguvu farasi 25 ya mwaka 1972, ya aina ile inayochanganyiwa petroli na oili kama msumeno wa kukatia miti, na tangi la chuma lililofungwa chini ya sakafu. OMC, kampuni ya Marekani iliyotengeneza injini hizo, ilifilisika Desemba 2000. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: mfumo bado unafanya kazi, mtengenezaji hayupo, na maelezo yako kwenye kichwa cha mzee mmoja anayepokea simu akitaka.

Mzee wangu ni baba mdogo, aliyeko Mbita. Ameendesha injini za boti Ziwa Victoria tangu kabla sijazaliwa. Nilipompigia simu kumweleza, alicheka kwanza, halafu akaniambia nianze na petroli.

Sikumsikia.

Nilianza na ndani ya boti, kwa sababu ndiko kunakoonekana. Sakafu ya plaiwudi ilikuwa imeoza kiasi cha kutoboka kwa kidole. Chini yake mlikuwa na sponji iliyowekwa kusaidia boti ielee, lakini kwa miaka ilikuwa imekunywa maji, na nilipoitoa ilikuwa nzito kuliko mimi nilivyoweza kuibeba kwa safari moja. Nilikata plaiwudi mpya, nikaipaka rezini pande zote mbili, nikailaza kitambaa cha nyuzi za kioo juu yake, na kuikaza kwa skrubu zisizoshika kutu.

Viti nilivipeleka Kawangware kwa fundi wa makochi. Aliangalia karatasi yangu ya vipimo akaniuliza kiti kitakaa wapi. Nikamwambia, ziwani. Akatoa sponji ya kochi mezani na kuirudisha chini. Sponji ile, akaniambia, hunywa maji kama ngamia. Ninayohitaji ni ile iliyobanana kama soli ya patipati, ambayo vitundu vyake vimefungwa na maji hayapiti. Ilikuwa bei mara mbili. Alikuwa sahihi, nikalipa.

Baada ya wiki sita boti ilikuwa inang'aa. Viti vyeupe vyenye mstari wa bluu, sakafu ya kijivu, usukani uliosuguliwa. Lile tangi la zamani nilikuwa nimelisugua kutu kwa juu, nikalipaka rangi, nikalirudisha mahali pake na kulifunika kwa sakafu mpya. Mpira wa petroli niliununua dukani, ule wa plastiki inayoonyesha ndani, kwa sababu ulikuwa bei nafuu na niliupenda. Nikafunga betri, na swichi ya gari ya kuwasha pampu ya kutoa maji chini ya boti. Nikamimina lita 10 za petroli. Nikapiga picha nyingi sana.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Watoto wa ploti walikuwa wamezoea kuingia botini kucheza nahodha, nami nilikuwa nafurahi kuwaona. Mpira wao ulidondoka kati ya kiti na ubavu wa boti, wakaniita niutoe. Niliinama, uso wangu ukafika chini, karibu na ule mwanya wa sakafu.

Petroli. Si harufu ya mbali ya kituo cha mafuta. Ilinikaba.

Niliinua kichwa. Mjukuu wa mama mwenye nyumba, miaka sita, alikuwa amesimama kwenye usukani na kidole chake kikiwa juu ya swichi ya pampu. Alikuwa anasubiri amri ya nahodha mwenzake. Hatua chache kutoka pale, mlangoni, jirani alikuwa anachoma mahindi kwenye jiko la makaa.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Nahodha, tumefika, abiria wote washuke." Wakashuka. Nikamwomba jirani, tafadhali dada, peleka jiko barabarani, nitakueleza baadaye. Nilitaka kukimbilia betri niichomoe waya, nikajizuia mkono ukiwa hewani, maana kuchomoa waya wa betri nako hutoa cheche. Nikafungua kila kilichofunguka, nikawaweka watoto mbali, nikakaa nje kulinda boti kama askari hadi jioni.

Sasa nieleze kilichokuwa kinaendelea, kwa sababu nadhani wengi wetu hatujui hata kama tunakaa na petroli kila siku.

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa, kwa hiyo hauondoki juu kama moshi. Unashuka, unatambaa, unatafuta shimo na kulala humo. Ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha. Na swichi ya kawaida ya gari, au mota ya kawaida, hutoa cheche ndogo ndani yake inapowaka. Gari halina shida sana, chini yake kuko wazi. Boti ni bakuli. Ndiyo maana swichi na pampu za boti za petroli hutengenezwa zikiwa zimezibwa cheche isitoke. Mimi nilikuwa nimejenga bakuli zuri, nikalifunika vizuri, nikaweka kiberiti ndani, kisha nikaruhusu watoto wachezee.

Watu wa Nairobi hatuhitaji kufundishwa petroli inaweza nini. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kwenye bomba ilitiririka kwa mtaro hadi mtaa wa Sinai, ikashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka walimu wakisikiliza redio.

Shuleni pia tulikariri methali: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Niliiandika kwenye mtihani bila kujua inasema nini. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa, yanakokusanyika maji yote yaliyoingia. Uende mbele, uende nyuma, utarudi ngamani. Waliotunga hawakuwa na petroli, lakini waliijua boti. Kila kinachovuja huishia pale.

Jioni ile nilikwenda kumwambia mama mwenye nyumba ukweli wote, pamoja na habari ya kidole cha mjukuu wake. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hiyo boti, ama inatengenezwa ama inatoka. Nakupa mwezi mmoja." Nikasema, "Asante, Mama." Sikupata neno lingine.

Baba mdogo alipopokea simu aliuliza swali moja: "Ulinusa kabla ya kufunika?"

Basi nikang'oa sakafu. Wiki sita za kazi, siku mbili za kubomoa. Tangi lilikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano upande wa chini, mahali lilipokalia ile sponji yenye maji kwa miaka. Rangi yangu ilikuwa juu tu. Na ule mpira mzuri wa plastiki ulikuwa umeanza kukauka na kulegea kwenye kiungo baada ya siku nne, kwa sababu ni mpira wa maji, si wa petroli.

Fundi mmoja wa Kirinyaga Road alijitolea kulichomelea tangi. Nilikataa. Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mmejaa mvuke. Niliamua kuacha kabisa wazo la tangi la chini ya sakafu. Nikanunua la plastiki la lita 25, lile jekundu la kubebeka, linalokaa tezini juu ya sakafu, mahali pa wazi. Likivuja nitaliona, na ninaporudi nyumbani nalitoa.

Mpira mpya ni wa petroli, wa milimita 8, na vibano viwili kila upande. Nimeongeza filta inayotenga maji na petroli. Halafu pampu, ambayo ilinifurahisha sana. Haina mota wala waya. Ndani yake mna kipande chembamba cha mpira kinachopigwa na mapigo ya hewa ya injini yenyewe: pistoni ikipanda kinavuta, ikishuka kinasukuma. Changu kilikuwa na ufa usioonekana mpaka ukikikunje. Kwa ufa huo injini ingewaka vizuri nyumbani, na kuzimika katikati ya ziwa nikiongeza kasi.

Kabureta ilikuwa imejaa gundi ya kahawia, ambayo ndiyo petroli inavyokuwa ikiachwa miaka. Floti, kile kielea kinachofunga petroli isizidi, ilikuwa ya koki, lile gamba la mti la vizibo vya chupa. Ilikuwa imelowa ikawa nzito, haielei tena. Nilibadilisha floti, sindano yake na gasketi. Tundu la jeti nilisafisha kwa dawa na hewa peke yake. Usichokonoe kwa waya mgumu, maana ukilipanua umebadilisha kipimo.

Halafu jaribio, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nilijaza mfumo kwa mkono, nikaukaza, nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu moja likatoka kwenye kiungo cha filta. Nikakaza. Nikaacha boti siku tatu bila sakafu, kila asubuhi na jioni nikilala chali humo na kunusa kama mbwa. Hakuna kitu. Ndipo nikarudisha sakafu, safari hii ikiwa na kifuniko kikubwa kinachofunguka bila bisibisi.

Kazini nimezoea kwamba nikiharibu ninarudisha toleo la jana na maisha yanaendelea. Tabia hiyo ndiyo iliyonifanya nianze na viti. Kwa petroli hakuna toleo la jana.

Jumapili iliyopita tuliifunga nyuma ya pikapu tukaiteremsha bonde hadi Naivasha. Ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko pwani, kwa hiyo injini ilikuwa inapata petroli nyingi kuliko hewa na ikatoa moshi mweusi mpaka nilipoifunga skrubu ya kabureta kidogo. Mchanganyiko ni 50 kwa 1: mililita 400 za oili ya injini za boti kwa lita 20 za petroli. Iliwaka mvuto wa tano. Tulizunguka dakika 40, majaketi ya kuokolea mwilini, mbali na viboko.

Mwenye boti ya zamani, au jenereta, au chochote chenye petroli mahali palipofunikwa, fanya haya leo:

1. Inama unuse chini kabla ya kugusa swichi yoyote.
2. Ukinusa, ondoa watu na moto. Usiwashe, usizime, usichomoe betri. Fungua, ngoja.
3. Mpira wowote usiojua umri wake, tupa.
4. Usifunike kitu ambacho hujakijaribu.

Viti vyeupe bado havijarudi botini, pesa ziliishia kwenye vipuri. Kwa sasa abiria wanakaa kwenye ubao. Nahodha wa miaka sita alikuja Naivasha pamoja na bibi yake. Kabla hatujaondoka aliniuliza mbona ninalala sakafuni. Nilipomweleza, naye akalala, akanusa, akainuka na kumtangazia bibi yake kwamba hakuna kitu.