Sitara ya Ndoa Isifiche Maradhi

Leo naweka pembeni mashela na mishono, tuzungumze kuhusu wake wa wanajeshi.

Nina mteja, mumewe ni mwanajeshi mstaafu aliyewahi kwenda kulinda amani Kongo. Kaniruhusu nieleze, jina lake nalisitiri. Mume alirudi mzima, kila kiungo kipo. Lakini usiku anaruka usingizini akipiga makelele. Fataki za sikukuu zikilia anajikunyata. Mtoto akiangusha sahani anafoka, kisha siku nzima hasemi na mtu. Mke naye hapati usingizi, na harusini haendi tena. Alipokuwa biharusi, somo wake alimfunza kuwa ya chumbani yabaki chumbani. Basi akanyamaza, miaka.

Tukumbuke wanaume hawa wameona nini. Disemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi, wakauawa wanajeshi wetu wasiopungua 14. Marehemu tuliwaombea dua. Waliorudi hai tuliwaambia "alhamdulillah", tukadhani yamekwisha.

Hayo si majini, si uoga, wala si upungufu wa imani. Ni maradhi ya kiwewe: vita vimekwisha, lakini mwili bado unangoja risasi. Tiba ipo. Ni mazungumzo na mtaalamu, na pengine vidonge. Kisomo na dua tusiache, lakini Mtume wetu (S.A.W.) pia ametufundisha kutafuta dawa. Na mke naye asikilizwe, maana anayeuguza pia huugua.

Tatizo letu, ukitaja Kidongo Chekundu tu, watu wanacheka na kusema fulani kawa mwendawazimu. Mbona anayekwenda kupima sukari hachekwi? Mteja wangu alimwendea kwanza shemeji yake mkubwa, mume anamheshimu, na yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari. Bado anatibiwa, lakini kuna usiku sasa nyumba nzima inalala.

Masomo na makungwi, nawaomba: mfundisheni biharusi kuwa aibu ya mume husitiriwa, maradhi yake hutibiwa. Na akitaja kujidhuru, usimwache peke yake, ita watu wazima mumpeleke hospitali usiku huo huo. Akikuinulia mkono, toka na watoto wako. Huko si kuvunja siri ya ndoa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa waume hawa, na awape wake zao wa kuwasikiliza. Amin.