Pedali ya Gitaa Iliyotengenezwa Busia, na Jinsi Boksi Lilivyotusumbua Kuliko Saketi

Wale mliokuja kutafuta msimbo wa programu leo mtanisamehe kidogo. Leo tunaongea juu ya lehemu, transista na rangi ya gari. Lakini msiondoke, kwa sababu habari ni ile ile ya siku zote: kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine atakitegemea wakati wewe hupo karibu.

Kwa wasiojua, pedali ya gitaa ni kiboksi kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji anakikanyaga kwa mguu, sauti inabadilika. Ziko za mwangwi, ziko za kutikisa sauti, na ziko hizi za mkwaruzo ambazo zinaichana sauti ya gitaa mpaka inaunguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.

Mteja wangu (namwita mteja ingawa sikumtoza hata shilingi) ni mpiga gitaa wa hapa Malaba. Jumamosi usiku anapiga kwenye baa za madereva wa malori, Jumapili asubuhi yuko kanisani na gitaa lile lile. Anapiga benga na rumba, na kuna nyimbo mbili tatu ambazo watu hawamwachi ashuke kabla hajazipiga. Hizo ndizo zinazotaka mkwaruzo. Pedali alikuwa anakodi kwa mwenzake kila wikendi. Akishalipa pedali na boda boda ya kurudi nyumbani, anabaki na pesa ya unga na mboga, basi. Na mwenye pedali akipata kazi yake mwenyewe, huyu anakosa sauti. Mwenye baa hana subira na mtu anayekosa sauti, anatafuta mwingine. Pedali mpya ya kutoka nje ya nchi ni pesa ambayo hajawahi kuishika mkononi kwa mara moja.

Haya, tuingie kwenye saketi.

Sauti ya mkwaruzo ilizaliwa kutokana na kifaa kibovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, mtambo wa studio uliharibika na besi ya Grady Martin ikatoka imechanika. Waliamua kuiacha hivyo hivyo, na watu wakaipenda. Mwaka 1962 ikaja pedali ya kwanza kuuzwa madukani kwa kazi hiyo, Maestro FZ-1. Mwaka 1966 Waingereza wakatoa Fuzz Face, ile aliyoikanyaga Jimi Hendrix. Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Zambia miaka ya 1970, bendi kama WITCH na Ngozi Family zilijenga muziki mzima juu ya mkwaruzo huo, wakauita Zamrock.

Fuzz Face ndiyo tuliyoichagua, kwa sababu moja tu: ina vipande 11. Rezista 4, kapasita 3, transista 2, na vitufe 2 vya kuzungusha. Hesabu vidole vyako vya mikono, ongeza kimoja cha mguu, umemaliza.

Inafanyaje kazi? Gitaa linatoa umeme mdogo sana, sehemu ya volti tu. Transista ya kwanza inaukuza, ya pili inaukuza tena. Lakini betri ni ya volti 9, na wimbi haliwezi kupanda juu ya dari hiyo wala kushuka chini ya sakafu. Kwa hiyo vilele vya wimbi vinakatwa. Watu wa programu mtaelewa haraka: ni kama namba iliyowekewa kikomo cha 255, ukiizidisha mara mia bado inasoma 255. Wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo linakuwa na kichwa bapa kama meza, na zile kona mpya ndizo masikio yetu yanazisikia kama mkwaruzo.

Vipande tulivipata kwa fundi redio mmoja mzee pale Busia. Kibanda chake kina redio za zamani zilizopangwa mpaka kwenye mabati, nyingine wenyewe walishafariki na hakuna aliyekuja kuzidai. Nilipomwonyesha mchoro aliuangalia kama dakika moja hivi, akacheka.

"Kijana, hii ni redio isiyo na redio," akasema. "Ni ile sehemu ya sauti tu."

Akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa transista. Ndani yake mlikuwa na AC128 kadhaa, za jemaniamu, alizozitoa kwenye redio zilizokufa. Wadau, hizo ni familia moja na zile zilizotumika kwenye Fuzz Face za mwanzo! Kuna watu ng'ambo wanazitafuta usiku na mchana. Mimi nikaanza kuona nyota. Mzee akanituliza.

"Chukua na za silikoni pia, mzijaribu zote. Jemaniamu na joto hawapatani."

Tukatengeneza mbili. Ya jemaniamu ilikuwa tamu ajabu, mkwaruzo laini kama sukari guru. Lakini transista ya jemaniamu huvuja umeme hata ikiwa imezimwa, na uvujaji huo huongezeka karibu mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10 hivi. Kwenye saketi hii, mguu wa transista ya pili uitwao kolekta unatakiwa usome kama volti 4.5, nusu ya betri, ili wimbi lipate nafasi sawa juu na chini. Asubuhi mita ilisoma vizuri kabisa. Saa nane mchana, chini ya mabati ya Busia, volti zilikuwa zimehama na gitaa lilisikika kama linakohoa.

Ya silikoni haikuyumba. Ilikuwa kali zaidi, na ilikuwa na kichekesho chake: ukinyamazisha nyuzi, unamsikia mtangazaji wa redio anazungumza ndani ya amplifaya. Silikoni inakuza mpaka mawimbi ya redio yanayopita hewani. Dawa yake ni kapasita ndogo ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na besi ya transista, inapunguza yale masafa ya juu ambayo gitaa haliyahitaji. Tukaongeza na kirekebishi kidogo ndani, badala ya ile rezista ya kolekta ya pili, ili mtu aweze kurudisha volti 4.5 kwa bisibisi.

Kuna jambo jingine. AC128 ni ya aina ya PNP, na kwenye mchoro wa zamani chanya ndiyo iliyofungwa kwenye ardhi ya saketi. Ukiiunganisha kwenye adapta moja na pedali nyingine za kawaida, umepiga shoti. Ya silikoni aina ya NPN haina shida hiyo.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa jemaniamu. Mpiga gitaa alisikiliza zote mbili, akauliza swali moja tu: "Injinia, ni ipi itakayofanya kazi saa sita usiku baa ikiwa imejaa watu?" Kwisha maneno. Tulichukua silikoni. Digrii nzima ya sayansi ya kompyuta inafundisha jambo hilo kwa kurasa nyingi, yeye alilimaliza kwa sentensi moja: anayetumia ndiye anayejua kazi.

Sasa saketi ilikuwa inafanya kazi mezani. Nyaya zimezagaa, betri imefungwa kwa mpira, lakini inafanya kazi. Watu wengi wa fani yetu huishia hapo. "Kwangu inafanya kazi," halafu tunahamia mradi mwingine.

Hebu niwakumbushe kitu tunachojivunia huku mpakani. Boda boda ilianzia huku, miaka ya 1960, watu wakivushwa kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, ndiyo maana ya jina lenyewe. Baiskeli ilikuwepo tangu zamani. Keria ya nyuma ilikuwepo. Kilichofanya mama mwenye mzigo akubali kulipa nauli ni mto uliofungwa juu ya ile keria. Bila mto ni chuma kinachoumiza, ukiweka mto unapata kazi iliyolisha familia Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo mtu akisema boksi la pedali ni urembo tu, mimi namwambia akakae kwenye keria isiyo na mto kutoka hapa mpaka ng'ambo.

Boksi letu lilitengenezwa na fundi wa jua kali, chuma chembamba kilichokunjwa. Plastiki ingekuwa rahisi zaidi, lakini chuma kilichounganishwa na ardhi ya saketi kinazuia kelele zisiingie. Umeme wetu wa ukutani unatikisika mara 50 kwa sekunde, na saketi inayokuza namna hii itakuletea mngurumo huo wote ukiiacha uchi. Tulitoboa milimita 12 kwa swichi ya mguu, na matundu madogo zaidi kwa vitufe na soketi. Swichi yenyewe, ile ya miguu 9, hatukuipata Busia. Iliagizwa Nairobi, kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, ikaja kwa basi.

Hila moja ya bure kwenu: kwa upande wa gitaa tumia soketi ya stereo hata kama gitaa ni mono. Hasi ya betri inafungwa kwenye ile pete ya katikati. Ukichomeka waya wa gitaa, umeme unakamilika. Ukiuchomoa, betri inapumzika. Hakuna haja ya swichi ya kuzimia.

Rangi ilipigwa na kijana anayepaka malori pale Malaba. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wangu yeyote. Msasa kwanza mpaka chuma kipoteze ung'avu. Kufuta kwa thina, na baada ya hapo hakuna kugusa kwa vidole, maana mafuta ya mkono yanaikataa rangi. Praima. Kisha rangi ya samawati, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukisubiri wa kwanza ukauke. Mimi nilitaka tufunge siku ile ile. Akaniambia lori la tani 30 linasubiri rangi yake ikauke, seuze hiki kisanduku cha sabuni! Siku ya nne akaandika kwa brashi nyembamba SAUTI kwenye kitufe kimoja na MKWARUZO kwenye kingine, kwa zile herufi zenye kivuli ambazo mnaziona nyuma ya malori. Juu ya hapo akapitisha laka.

Kazi ya mikono yetu haianzi leo. Konono Nº1 wa Kinshasa, kundi la Mawangu Mingiedi, walitumia sumaku za vipuri vya magari kutengeneza maikrofoni za likembe zao, na albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ilizunguka dunia kwa sauti ile ile ya kukwaruza.

Ilibaki kifuniko cha chini, na hapa ndipo tulipobishana kidogo. Kuna watengenezaji wa pedali ng'ambo wanaomwaga gundi nyeusi juu ya saketi ili mtu asione ndani. Rafiki yangu mmoja alinishauri nifanye hivyo, nifungue biashara. Nilimwuliza mzee wa redio maoni yake. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri michirizi ya rangi kwenye rezista, huwa ananiomba nimsomee. Alifikiri kidogo.

"Redio zote nilizotengeneza," akasema, "nyingi zilikuwa na mchoro umebandikwa ndani ya kifuniko. Mtu wa Uholanzi ambaye hanijui aliniachia barua. Mimi ndiyo nikala kwa barua hiyo miaka yote."

Basi nikachora saketi kwa mkono, thamani za vipande vyote pamoja na viwili tulivyoongeza, na mahali pa kupima zile volti 4.5. Mzee akakagua kila mstari huku nikimsomea. Tukabandika ndani ya kifuniko, tukafunga skrubu nne. Pedali hii ikifa, fundi yeyote kati ya Busia na Malaba mwenye mita na kipande cha lehemu ataifufua, hata kama mimi nimehama na mzee hayupo. Hiyo kwangu ndiyo maana ya kumaliza kazi.

Mpiga gitaa sasa hakodi tena. Ya jemaniamu iko mezani kwangu, naiwasha usiku wa baridi.

Mwenye nia ya kujaribu aanze kwa kutembelea fundi redio wa mtaani kwake, mapema iwezekanavyo, akiwa bado yupo na makopo yake bado hayajauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wiki ijayo tutafungua mashine ya karaoke iliyokufa na kutoa chipu iitwayo PT2399, ile inayotoa mwangwi wa maikrofoni, tuone kama itakubali gitaa. Andaeni volti 5.

Kwa leo niishie hapa. Tuko pamoja!