Toka Cheyo hadi kisiwa cha kobe: Likizo ya melini na familia nzima

Mwambie mtoto wa mjini kwamba umewapeleka wazazi likizo ya melini, uone atakavyokuangalia juu mpaka chini. Kwa akili yake hayo ni mambo ya Wazungu wastaafu, wale wanaoshuka bandarini Zanzibar kutoka kwenye limeli kubwa kama mtaa mzima, kofia za ukindu kichwani na kamera kifuani. Sisi wengine likizo yetu tunaijua: unapanda basi, unaenda kwa bibi, unasaidia kupukuchua karanga, unarudi mjini na gunia la michembe.

Basi bwana, Desemba iliyopita familia yetu ya Cheyo, pale Tabora mjini, iliamua kuvunja mwiko. Tulikuwa sita: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, wadogo zangu wawili, na mimi mwenyewe ninayeganga njaa Dar. Nilidunduliza mwaka mzima, Baba akatoa kidogo katika pensheni yake ya reli, Mama akavunja kibubu. Bibi yeye alitoa madumu mawili ya asali, akasema hawezi kufika kwa watu mikono mitupu.

KUTOKA BARA SI MCHEZO

Kutoka Tabora hadi bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 800. Leo unalala kwenye treni ukiamka unauliza tumefika wapi. Wazee wetu walikwenda kwa miguu, miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani. Wanyamwezi ndio waliokuwa mapagazi mashuhuri wa njia ile, na wengi walilipwa ujira wao kwa vitambaa vya merikani na shanga. Tabora ilikuwa njia panda: huku unakwenda Ujiji na Kongo, kule Karagwe na Buganda, na huku Bagamoyo. Hata utani wetu na Wazaramo na Wagogo, wazee husema ulikolezwa na safari hizo. Ukipita katika nchi ya mtu kila mwaka, ama mtapigana ama mtataniana.

Reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912, ikagota Kigoma mwaka 1914, na msafara wa miguu ukaanza kufa. Baba, ambaye ujana wake wote umeishia relini, hawezi kukaa kwenye behewa bila kuhubiri. Aliwaambia wadogo zangu kwamba meli nayo imewahi kupanda treni. Mdogo wangu wa kiume akacheka, akadhani ni fiksi za wazee.

Siyo fiksi. Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku na kusafirishwa mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo ikapanda reli hii hii, ikapita Tabora hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasije wakaiacha mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Sasa nani anasema watu wa Tabora hatujui meli?" Baba akauliza behewa zima. Hakuna aliyejibu. Watu walikuwa wanagombea kuku wa Saranda dirishani.

Dodoma tukashuka, tukabeba madumu yetu kwa bajaji hadi stesheni mpya, tukapanda treni ya umeme. Hii ilianza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na ni mambo makubwa: saa tatu na ushee umefika. Bibi alikaa ameshika kiti kwa mikono miwili, miti inapita kama inafukuzwa. Alipoulizwa anaionaje, alisema, "Nzuri, ila haikupi muda wa kumuaga mtu."

MAMA NA MAJI

Sasa tuseme ukweli. Aliyekuwa na shida na safari hii ni Mama. Mama hakuogopa gharama, aliogopa maji. Mtu wa bara aliyekuwa na akili zake mwaka 1996 hajaisahau MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei mwaka ule. Ikaja Spice Islander mwaka 2011 kwenye maji ya Zanzibar, na kabla machozi hayajakauka ikaja Skagit mwaka 2012, ikitokea Dar hiyo hiyo kwenda Unguja. Kwa hiyo ukimwambia mtu kama Mama "usiwe na wasiwasi", unamtukana tu.

Nilichofanya ni kumwonyesha. Tuliingia mapema, tukatafuta majaketi ya kuokolea yalipo, tukaangalia milango ya dharura, tukasikiliza maelezo yote ya wahudumu wakati wengine wanapiga picha. Mama akahesabu majaketi ya safu yetu, akaridhika, akaanza dua zake kimya kimya. Kidole hakikutoka kwenye tasbihi mpaka minara ya Unguja ilipoonekana.

Aliyetuchekesha ni mdogo wangu wa kiume. Kijana alipanda kwa mbwembwe, miwani nyeusi, shati limefunguliwa vifungo vitatu, anajiona nyota wa filamu. Nusu saa baadaye bahari ikaanza kutikisa kidogo, jamaa akawa rangi ya majivu, akamwita mhudumu wa mifuko kwa ishara ya mkono. Mama, mwoga wetu wa maji, ndiye aliyemshikia ndimu puani mpaka bandarini. Boti za kasi huchukua kama saa mbili hivi, lakini kwake zilikuwa mbili za jehanamu.

SIKU YA KISIWA

Jioni ya kwanza tulijirusha Forodhani kwa urojo na juisi ya miwa. Nyuma yetu Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, limejeruhiwa tangu sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tukalala mapema, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa kesho yake.

Asubuhi tulipanda mashua ya injini ufukweni mwa Mji Mkongwe, tukakata maji kama nusu saa, na Changuu ikatokea mbele yetu: kijisiwa cha mawe ya matumbawe, kisichofika hata kilomita moja kwa urefu, mchanga mweupe, maji ya kijani yanayokuonyesha miguu yako. Watalii wanakiita kisiwa cha gereza. Gereza kweli lipo, lilijengwa mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani. Cha ajabu ni kwamba halikuwahi kufunga wafungwa. Likageuzwa mahali pa karantini, abiria wa melini waliohofiwa kuwa na homa ya manjano wakawa wanazuiliwa huko.

Wenyeji halisi wa kisiwa ni kobe. Kobe wenyewe si hawa wa kwetu unaowaokota porini. Ni majitu, mengine yana kilo zaidi ya 100. Wazee wao waliletwa mwaka 1919 kutoka Shelisheli kama zawadi. Umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, na wapo waliopita miaka 100 kwa mbali. Unapewa majani unawalisha, ukimkuna shingo anainyoosha kama bwana harusi anayevalishwa tai. Mdogo wangu wa kike, wa darasa la sita, aliganda kwa kobe mmoja mzee sana. Akauliza, "Huyu amemwona bibi yake Bibi?"

Ni swali la kitoto. Lakini dakika chache kabla, kijana wa boti alikuwa ametueleza kwamba kabla ya gereza, miaka ya 1860, kisiwa hiki kilitumiwa na Mwarabu mmoja kufungia watumwa wakaidi kabla ya kuwauza. Bibi alimwuliza walitoka wapi. Kijana akajibu kama anavyojibu kila siku: "Bara huko, Bibi. Nyasa, Unyamwezi, Kongo."

Bibi akatafuta jiwe la kivulini, akakaa, akamwita mdogo wangu. "Huyo kobe labda hakumwona," alisema. "Bibi yangu hakufika huku. Msafara uliomchukua Kongo ulimwacha Tabora."

Msomaji, mimi nina umri wangu, na kila fomu niliyojaza maisha yangu nimeandika Mnyamwezi. Kwa upande wa Babu ni kweli, baba yake alikuwa pagazi, tena akijisifia kwamba ameiona bahari mara nne. Kumbe kwa Bibi ni Manyema. Bibi yake alitekwa akiwa msichana mdogo, akavushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, akatembezwa hadi Tabora, akaugua, akaachwa kwenye nyumba ya tajiri. Akakulia hapo, akazaa hapo. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Tanganyika, mwaka 1922, alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Bibi anamkumbuka akitwanga karanga, hataki kuulizwa ya zamani.

Baba alikuwa amesimama anatazama bahari. Akasema bila kugeuka, "Mama, hayo ya nini mbele ya watoto?"

Bibi akamjibu, "Wasipoyasikia kwangu watayasikia kwa nani? Kwa huyu kijana wa boti?"

Ukimya wake ulikuwa mzito. Watu wa Tabora mnaelewa. Mjini kwetu kumwambia mtu asili yake ni msafara wa watumwa ni tusi la kuvunja ndoa, ndiyo maana nyumba nyingi zimefunga mdomo. Baba alijua siku zote, ila aliamini akinyamaza anatulinda. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeuliza lililokuwa vichwani mwetu sote: "Kwa hiyo Babu mzaa babu alikuwa anabeba mizigo kwenye misafara kama ile ile?" Bibi akasema ndiyo, pengine. Mmoja alilipwa, mwingine alifungwa kamba, na baadaye watoto wao wakaoana. Hakulia. Aliomba majani mengine akaendelea kulisha kobe.

Mchana boti ikatupeleka Nakupenda, fungu la mchanga lililo karibu hapo, ambalo maji yakijaa linazama lote. Ndiyo, jina lake ni Nakupenda, na wachumba wote wa mjini wamejazana kupiga picha. Mama aliingia majini mpaka magotini, akiwa amemshika Baba mkono hadharani. Hilo Cheyo halijawahi kutokea.

Kabla ya kurudi, Bibi alitaka kufika Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Sasa pana kanisa la Anglikana, na nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni, zilizowekwa mwaka 1998. Ndani kuna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Ni Livingstone yule yule aliyekaa Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, mwaka 1872. Baba alisema atabaki nje. Bibi aliposhuka ngazi kuelekea sanamu, akamfuata, akamshika mkono. Usiku hotelini alimwuliza jina la yule bibi, la kule kwao Kongo. Mdogo wangu akaliandika kwenye daftari lake. Mimi siliandiki hapa, ni la nyumbani.

UKITAKA KWENDA NA WEWE

Beba kitambulisho, maana Unguja ni nchi yako lakini bandarini wataulizia. Panga safari wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, bahari imetulia kuliko wakati wa kusi. Masika ya Machi hadi Mei waachie wenyewe. Ndimu na tangawizi mfukoni, tumbo lisiwe tupu wala lisijae pomoni. Boti ya Changuu patana kabla hujapanda na uulize bei ya Mtanzania, na mkiwa wengi gawaneni boti moja. Vaa kwa heshima mitaani, nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Uliza saa ya maji kujaa kabla ya kwenda Nakupenda, usije ukaelea na pilau lako.

Na jingine la bure kabisa: mkipata kivuli huko kisiwani, mkae na bibi au babu yenu, mzime simu, mumwulize njia aliyopita mtu wa kwanza kufika kwenu. Kobe wana miaka mingi ya kusubiri. Bibi zetu hawana.