Kidau Ndani ya Tone

Nina ungamo kwa wasomaji waliolipokea kwa ukarimu shairi langu la mwezi ndani ya tone. Mwezi ule haukuwa kiumbe. Ulikuwa povu la hewa.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimenunua hadubini iliyokwisha kutumika. Niliteka maji chini ya mikoko, katika mkono wa bahari wa Mtwapa, nikadondosha tone juu ya kipande cha kioo. Nikaona duara kamili, limezungushiwa wanja mweusi. Nilikuwa nimesoma habari za diatomu, seli pweke zinazojijengea ganda la silika, mali ileile ya kioo. Baadhi yake ni za mviringo kama sahani. Nikakata shauri kwamba nimeipata Coscinodiscus. Usiku huohuo beti sita zikanijia.

Miezi miwili baadaye nilikigusa kifuniko cha kioo kwa ncha ya sindano, mwezi wangu ukabonyea, ukagawanyika. Coscinodiscus ya kweli ina vitundu vilivyopangwa safu kwa safu mithili ya sega la nyuki, na ganda lake halibonyei hivyo. Mimi niliuona wanja nikaacha kuutazama uso.

Tangu hapo situngi kabla sijachora. Kazi ya kuchora huchosha, nami si mchoraji, lakini penseli hunilazimisha kuhesabu.

Juma lililopita, maji ya bamvua yalipokupwa, nilikwangua utando wa kahawia uliotanda juu ya tope. Kwa ukuzaji wa mara 400 nikaona diatomu nyembamba, ya rangi ya dhahabu, imechongoka ncha zote mbili. Haina mkia wala kasia, na bado inateleza. Ikigonga chembe ya mchanga, hurudi kinyumenyume bila kugeuka. Mwendo huo hutokana na ute upitao katika ufa mwembamba wa ganda. Wataalamu huiita Navicula, neno la Kilatini lenye maana ya chombo kidogo cha baharini.

Mpwa wangu wa miaka tisa aliinamia hadubini kabla sijamweleza lolote. Akauliza, "Mjomba, anakwenda wapi?"

Anakwenda! Daftarini mwangu nilikuwa nimeandika "inateleza", kwa kuwa diatomu hujilisha kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani, na majani hatuyapi upatanisho wa watu na wanyama. Kwa mtunzi badiliko hilo halina gharama: "anateleza" na "inateleza" zina mizani sawa, na kina hakiguswi. Hata hivyo nilikaa na silabi hiyo siku tatu, nikirudi kwenye kioo kila jioni. Mwishowe nilikata "i", nikaandika "a".

Jina nimempa kidau. Najua yupo atakayenikumbusha kwamba kidau ni chombo cha wino pia. Sioni ubaya wowote.

Shairi la mwezi nimelifuta. Nimebakiza ubeti wa nne peke yake, ule wa harufu ya tope la mikokoni, kwa maana hiyo niliinusa kweli.