Miezi Mitatu ya Kwanza ya Ligi, kama Tulivyoisikia Busunzu

Wasomaji wengi wajua ya kuwa sisi watu wa Buha tu mbali na viwanja vikubwa vya mpira. Atokaye Busunzu kwenda kutazama mchezo wa Ligi Kuu hana budi kupita Kasulu na kushuka hata Kigoma ziwani, na arudipo nguo zake huwa zimekwisha kuchukua rangi ya udongo wetu. Kwa hiyo mpira twausikia kuliko kuuona. Walimu wanne hukusanyika katika nyumba ya mmoja wao, redio iko juu ya meza, na kando yake daftari la hesabu ambalo ndani yake twaandika kila mchezo: tarehe, mahali, mabao, na pembeni maneno tuliyoyasema sisi wenyewe siku ile. Maneno hayo ya pembeni ndiyo tutakayo kuyaeleza leo. Daftari la msimu ulioanza Agosti 2023 tumelisoma tena mara nyingi, na kila tulisomapo twaona kwamba mtu huwa na hakika zaidi wakati ule ambapo bado hajaona kitu.

Tusimfiche msomaji: sisi ni watu wa Simba tangu utoto. Mwalimu wa pili ni Simba pia, wa tatu ni Yanga, na wa nne alikuwa Yanga hata mwaka ule, ndipo akahama. Akahamia Mashujaa. Timu hii ni ya askari wa Jeshi la Wananchi, makao yake ni Kigoma, na katika 2023 ilipanda Ligi Kuu kwa kuwashinda Mbeya City katika michezo ya mchujo. Jina lake halikuwa geni kwetu, maana Desemba 2018, ingali timu ya daraja la chini, iliwatoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mabao 3 kwa 2. Siku ile wengine tulilala mapema. Lakini kusikia uwanja wa Lake Tanganyika ukitajwa katika ratiba ya Ligi Kuu pamoja na viwanja vya Mbeya, Tanga na Dar es Salaam, hilo lilitupendeza sote, hata waliomcheka mwenzetu kwa kuhama.

Mlango wa msimu ulifunguliwa Tanga, katika uwanja wa Mkwakwani, kwa mashindano ya Ngao ya Jamii. Jumapili tarehe 13 Agosti Simba na Yanga walikutana katika mchezo wa mwisho, wakatoka bila bao, wakaingia katika mapigo ya penalti. Kijana Ally Salim, mlinda mlango wa Simba, alizuia tatu, na Simba wakashinda 3 kwa 1. Pembeni mwa daftari tuliandika: "Mwaka huu ni wetu." Ligi yenyewe ilikuwa haijachezwa hata dakika moja.

Siku tatu baadaye twasikia ajabu. Azam waliwakaribisha Kitayosce, timu ya jirani zetu wa Tabora, iliyopanda daraja mwaka ule ule. Kitayosce waliingia uwanjani watu 8 tu, kwa sababu wengine hawakuwa wamepata vibali vya kucheza. Hata kabla ya dakika 20 walikuwa wamefungwa mabao 4, na baada ya wawili kuumia wakabaki pungufu ya idadi itakiwayo na sheria, mwamuzi akaumaliza mchezo. Mwalimu wa Mashujaa alisema kwa huruma, "Hawa hawafiki Krismasi." Nalo tuliliandika.

Kisha Yanga wakaanza. KMC walifungwa 5 bila jibu, na kabla ya Agosti kuisha JKT Tanzania nao wakafungwa 5 bila jibu. Namungo tu, mwezi wa Septemba, ndio waliowazuia mpaka dakika za mwisho, wakafungwa bao 1. Upande wetu Simba waliwafunga Mtibwa Sugar 4 kwa 2, Dodoma Jiji 2, na Coastal Union 3, yote matatu ya Jean Baleke. Basi nyumba ikagawanyika sawasawa. Watu wa Yanga walisema, timu hii haifungiki. Sisi tukasema, ngojeni. Na kwa kweli sote tulikuwa tukisema neno moja, yaani kila mtu aliona mwisho wa Mei akiwa bado katika Septemba.

Hapa yatupasa kutoka uwanjani kidogo, tuingie shambani. Huku kwetu mvua za masika ya kwanza huanza kati ya Oktoba na Novemba, na mwezi wa Septemba kila nyumba inalima, inachoma majani, na kutafuta fedha ya mbegu na mbolea. Miezi hiyo hiyo ndiyo miezi ya mwanzo wa ligi. Na siku hizi vijana wana mchezo mwingine juu ya mchezo, wa kuweka fedha kwa simu na kubashiri nani atashinda. Wenyewe huuita mkeka. Kijana huchagua michezo mitano, sita, hata kumi, akaifuma pamoja. Ikitokea yote kama alivyosema, hupata fedha nyingi kwa kidogo alichoweka. Ukikosea mmoja tu, mkeka umechanika, wala hupati hata ulichoweka. Serikali imeuruhusu kwa watu wazima, nasi hatuandiki haya kwa kumhukumu mtu. Twaeleza tu jinsi ufumwavyo: katikati huwekwa michezo ya mashaka, na pembezoni huwekwa ile ambayo kila mtu ana hakika nayo, ili ishike. Na mwezi ule hakuna mchezo uliokuwa na hakika kama mchezo wa Yanga.

Jirani yetu ni mama mmoja mjane mwenye mwana wa miaka 22, kijana wa adabu, aliyepita katika darasa letu. Mama alikuwa amemkabidhi shilingi 75,000 aende Kibondo kuchukua mfuko wa mbolea ya ruzuku. Jumatano ya tarehe 4 Oktoba Yanga walikwenda Mbarali kucheza na Ihefu. Kijana aliweka 60,000.

Tulikuwa redioni jioni ile naye yupo, amekaa karibu na mlango, simu mkononi. Hatukujua kilichomo ndani ya simu ile. Yanga ndio waliotangulia kufunga, mapema kabisa, naye akacheka akampiga mwalimu wa Yanga begani. Ihefu wakasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili wakafunga la pili. Sisi watu wa Simba tulishangilia kwa makelele ambayo hayawapasi walimu, kwani Ihefu hao hao, tarehe 29 Novemba 2022, ndio waliokatiza safari ya Yanga ya michezo 49 ya ligi bila kushindwa, tena kwa mabao 2 kwa 1 kama haya. Mtangazaji alipotaja dakika za nyongeza tulimwona kijana amesimama. Filimbi ilipopigwa hakuwapo.

Asubuhi mama alikuja shuleni. Alitusalimu kwa Kiha, akakaa juu ya jiwe chini ya mwembe, hakutaka kiti. Akasema, "Mwalimu, nifahamishe. Hawa Yanga ni watu gani, na kwao ni wapi, hata wakaja kuchukua mbolea yangu?" Tulianza kumweleza ya kuwa Yanga ni timu ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1935, wala haimjui. Akatutazama akiwa ametulia, akasema, "Hawanijui, nami siwajui, basi mbolea imepitaje?" Hatukuwa na la kumjibu.

Habari ilienea kijijini kabla ya jua kutua. Wengine walimcheka kijana, na waliocheka zaidi ni wale ambao mikeka yao ilichanika siku ile ile kwa shilingi 1,000 au 2,000. Mzee mmoja alitaka walimu wakatazwe kufungua redio siku za mpira. Tulikataa, tukamwambia kwamba redio haikuomba fedha ya mtu. Lakini tulifanya shauri nyumbani, na tangu siku ile katika daftari letu pamekuwa na kanuni: maneno ya pembeni yaandikwe baada ya mchezo, si kabla. Mwalimu wa Yanga asema kanuni hiyo imeuondolea mpira utamu wake nusu. Huenda.

Kijana hakukimbia, nalo ni jambo jema kwake. Wiki nzima alibeba samadi kutoka zizi la mtu mwenye ng'ombe, upande wa bonde, kwa ujira wa kumlimia mwenye ng'ombe maharage. Twamwona alfajiri akipita na tenga kichwani, na kwa kuwa yeye ni Yanga na Yanga walikwisha kuwafunga Geita Gold 3 bila, wapita njia walimwuliza kama sasa atafuma tena. Alikuwa akijibu, "Nafuma matuta."

Oktoba ilikuwa ya Simba. Prisons 3 kwa 1. Singida 2 kwa 1. Ihefu, wale waliowashinda Yanga, 2 kwa 1. Michezo 6, ushindi 6, alama 18. Katikati ya hapo Al Ahly wa Misri walikuja Dar es Salaam wakatoka 2 kwa 2, na huko Cairo wakatoka 1 kwa 1, Simba wakaondolewa kwa hesabu ya mabao ya ugenini tu. Nani asingejivuna? Mwalimu wa Mashujaa alitunyoshea kidole katika daftari akasema mabao ya ushindi wetu yanapungua kila wiki, 4, 2, 3, 3, 2, 2, na kwamba karibu kila mtu anatufunga. Hatukumsikiliza sana. Jumatatu tarehe 23 Oktoba Yanga nao waliwafunga Azam 3 kwa 2, na yote matatu yalikuwa ya Aziz Ki, mtu wa Burkina Faso.

Jumapili tarehe 5 Novemba, baada ya ibada, hakuna aliyekwenda kulala. Mchezo ulianza saa kumi na moja jioni. Kennedy Musonda aliwafungia Yanga dakika ya 3. Dakika ya 9 Kibu Denis akasawazisha, na hapo nyumba nzima ilisimama, hata wa Yanga mmoja, kwa maana Kibu alizaliwa Kongo akapewa uraia wa nchi yetu mwaka 2021, na sisi tukaao kati ya kambi za Nyarugusu na Nduta twajua uraia ni kitu gani kwa mtu aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa. Mapumziko yakafika 1 kwa 1. Tukanywa uji.

Kisha Maxi Nzengeli, dakika ya 64. Aziz Ki, ya 73. Maxi tena, ya 77. Pacome Zouzoua kwa penalti, ya 87. Watano kwa mmoja. Katika timu yetu mwaka ule alikuwamo Mrundi, Saidi Ntibazonkiza, na kwa kuwa Kirundi na Kiha ni ndugu wa nyumba moja, jina lake kwa masikio yetu laelekea kusema "hawataniponya". Mwalimu wa Yanga alilitamka mara kwa mara, polepole, mpaka tukamwomba aende kwake.

Kesho yake darasani watoto waliinua mikono kwa kila swali, hata wasiojua jibu, vidole vyote vitano vimetanuliwa. Haikupita siku nyingi Simba wakamwondoa kocha wao, Roberto Oliveira, ambaye katika ligi msimu ule alikuwa ameshindwa mchezo mmoja tu.

Tumepata kusoma kwamba huko Marekani, katika mchezo wao wa besiboli, kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu, hata kushindwa wiki nzima ni kama tone katika mtungi. Ligi yetu ni michezo 30. Alama 3 za Agosti ni sawa na alama 3 za Mei, nazo hazirudi. Mwisho wa msimu Yanga walikuwa mabingwa kwa alama 80. Azam na Simba walilingana kwa alama 69, na Azam wakatangulia kwa mabao. Mashujaa walibaki katika ligi, na Aprili 2024 wakawatoa Simba tena katika kombe, huko huko Kigoma, kwa penalti. Kitayosce nao walibaki, wakaitwa Tabora United.

Mahindi ya mama yule yalitoka mabaya upande wa juu, ambako samadi haikufika, na mazuri upande wa bonde. Alipata magunia machache kuliko mwaka uliotangulia, lakini hakununua chakula.

Agosti 2024 ligi ilipoanza upya kijana alikuja na daftari lake mwenyewe, akaomba yeye awe mwandishi, kwa kuwa mwandiko wake ni safi. Tulimpa nafasi karibu na meza. Tarehe 7 Novemba 2024 Yanga waliwakaribisha Tabora United, wale wa watu 8, wakafungwa 3 kwa 1. Aliandika tarehe, mahali na mabao, akasubiri filimbi, akageuza daftari kumwonyesha mwalimu wa Mashujaa yale maneno ya mwaka uliopita, kwamba hawafiki Krismasi. Mwalimu akataka yafutwe. Kijana akakataa.