Mwanafunzi na Daftari Lake

Mwezi huu twapenda kusema na vijana wetu walioko shuleni, na wazazi wasikie, juu ya jambo linalodhaniwa dogo: namna ya kuandika masomo daftarini.

Sisi tumezaliwa katika delta ya Rufiji, penye mikoko, ambako safari ni mtumbwi. Chuoni tulisomea ubao. Mwalimu alituandikia aya kwa wino wa masizi, nasi tukazisoma mpaka zikakaa kifuani. Ndipo tuliporuhusiwa kuuosha ubao tuandikiwe nyingine.

Tulipokwenda sekondari Kibiti tuliiacha ada hiyo. Tuliandika kila neno la mwalimu kwa hati nzuri, vichwa vya habari tukavipigia mstari mwekundu, na wenzetu wakituazima tukiona fahari. Kumbe mkono ulisoma, akili imelala. Katika mvua za El Niño, mwaka 1998, tukirudi nyumbani likizo, mtumbwi uliingia maji na madaftari yote yakalowa. Mtihani ulikuwa karibu. Tulijaribu kuliandika upya somo la historia, hatukujaza hata ukurasa mmoja. Tulilia. Baba hakutukemea, aliuliza tu, "Mwanangu, mbona ubao ulikuwa ukiuosha kwa mkono wako, wala hukulia?"

Baadaye tulikisoma kisa kinachosimuliwa juu ya Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika ujana wake, akirudi Tus kutoka Jurjan, wanyang'anyi walimpora, naye akawasihi wamrudishie maandiko ya masomo yake. Mkubwa wao alicheka: vipi adai kuwa na elimu ambayo wao wameweza kumnyang'anya? Alirudishiwa, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi.

Asifahamu mtu kuwa twalaumu kuandika. Sahaba Abdullah bin Amr bin al-As aliandika Hadithi katika sahifa yake iitwayo as-Sadiqa. Twalaumu kuandika pasipo kufahamu.

Basi tulibadili mwendo. Tulimsikiliza mwalimu kwanza, kisha tukaandika kiini kwa maneno yetu wenyewe. Ila majina, miaka na kanuni za hesabu tuliziandika kama zilivyo. Kushoto tuliacha pambizo la vidole vitatu. Usiku uleule, baada ya Isha, tuliandika hapo maswali, na baada ya Alfajiri tukafunika ukurasa tukayajibu. Lililotushinda ndilo tulilolirudia.

Siku hizi twawaona vijana wakiupiga picha ubao wa darasani kwa simu, kisha wakaenda zao. (Hatusemi ni haramu!) Lakini picha hiyo ni lile daftari letu la Kibiti, mwenyewe hajalisoma.

Wala mzazi asiseme, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Mama yetu hakuijua hati ya shule. Likizo ile, kila jioni, alituambia tufunge daftari tumsimulie somo, naye akisuka ukili. Tuliposita, aliusimamisha mkono wake akatungoja.