Tango Lisilo na Hatia

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Neno hili twalifundisha watoto kila mwaka, lakini sisi wenyewe tulijifunza maana yake kwa aibu.

Siku moja ya kufunga shule tuliwaandalia watoto karamu ya wali, maharagwe, na kachumbari ya nyanya na matango. Kesho yake watoto kumi na wanne wakashikwa na kuhara na kutapika. Wote walipona, lakini kabla hawajapona, sisi tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu. Tulisema, wali na maharagwe vilipita motoni, bali kachumbari haikupikwa. Basi ubaya umo katika matango, na matango tuliyanunua kwa mama fulani sokoni. Tuliyasema hayo mbele ya watu, na neno la mwalimu husikilizwa. Juma lile mama yule alirudi nyumbani kila jioni na kikapu kilichojaa kama kilivyotoka.

Bwana afya alipofika hakumlaumu mtu. Aliuliza tu: Nani alikula nini? Mboga zilioshwa kwa maji gani? Kisha akatwaa matango ya mama yule, na maji ya pipa letu la jikoni, akavitia katika vyombo safi na kuvipeleka mjini vikapimwe. Majibu yalipokuja, matango hayakuonekana na ubaya, bali maji ya pipa yalikuwa na vijidudu vitokavyo katika kinyesi. Pipa lilikuwa letu, na aliyeliacha wazi si mwingine ila sisi.

Baadaye tulisoma habari za Ujerumani, tukaona ya kuwa hata mataifa yenye elimu nyingi yameonja haraka hiyo. Mwezi wa Mei mwaka 2011 maradhi makali yalizuka kaskazini ya nchi ile: watu walihara damu, na wengi figo zao zikashindwa kazi. Watu zaidi ya 3,800 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 26 Mei wakuu wa mji wa Hamburg walitangaza kwamba vijidudu vimeonekana katika matango yaliyotoka Hispania. Mara watu wakaacha kuyanunua, na wakulima wakatupa mavuno yao. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba kijidudu cha matango yale sicho kilichowaua watu.

Ndipo wataalamu waliporudi kwenye kuuliza. Walitafuta watu 152 waliokula kwa makundi katika mkahawa mmoja, wakawauliza wapishi kila chakula kilitiwa nini. Ikaonekana kwamba waliougua walikuwa wamepewa chipukizi mbichi. Tarehe 10 Juni wakatangaza hivyo, na baadaye wakafuata nyayo mpaka kwenye mbegu za uwatu zilizotoka Misri, uwatu huu huu ambao watu wa pwani waujua kwa kiungo na dawa. Lakini mbegu zilizopimwa hazikuonekana na kijidudu kile.

Mtu atauliza, kwa nini ni vigumu hivyo kukiona? Kijidudu hakionekani kwa macho, wala hakibadili harufu wala ladha ya chakula. Mpimaji hutwaa kipande kidogo cha mboga, mara nyingi gramu 25, akakitia katika mchuzi wa kulishia vijidudu, akauweka usiku kucha penye joto kama la mwili wa mtu, ili vijidudu vichache viwe vingi. Kisha hupaka mchuzi ule juu ya chakula kilichogandishwa kwa utomvu wa mwani, na mahali palipoangukia kijidudu kimoja huota doa lionekanalo. Doa hilo hupimwa tena, lijulikane ni la aina gani. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na huku mboga mbichi imekwisha kuliwa. Tena gramu 25 zikiwa safi, si ushahidi kwamba kikapu kizima ni safi. Na kijidudu kimoja kikipata joto, maji na chakula, huweza kugawanyika kila dakika 20, hata kwa saa saba kikawa zaidi ya milioni mbili.

Basi kupima ni kwema, lakini hakutoshi. Yatupasa kunawa mikono kwa sabuni, kuosha mboga kwa maji yaliyochemshwa, kufunika pipa, na kukata kachumbari wakati wa kula, si tangu asubuhi. Na ugonjwa ukizuka, tuulize kwanza, ndipo tuhukumu.

Nasi tulikwenda sokoni siku ya gulio, tukasimama mbele ya wale wale waliotusikia, tukakiri kosa letu, tukamwomba mama yule radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatupimia matango, akasema, “Mwalimu, ungalikuja kuniuliza kwanza, nami ningalikuuliza habari za pipa lako.” Hatukuwa na jibu. Tulilipa, tukaenda zetu; na tangu siku ile pipa lina kifuniko.